Vuli ya 2019: mafuriko yaliyokuja bila El Niño

Mvua ikizidi Afrika Mashariki, mshitakiwa huwa mmoja. Tangu mwishoni mwa 1997, maji yalipobeba madaraja na kuikata barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, El Niño limekuwa jina la mafuriko yenyewe. Mtu husema "ile elnino" akikusudia mwaka ambao maji yaliingia ndani, wala hana habari na Bahari ya Pasifiki, ambako El Niño yenyewe ni maji ya ikweta kupata joto kupita kawaida. Ndiyo sababu vuli ya 2019 inafaa kuchambuliwa polepole. Mvua ilinyesha kwa kiwango kilichowakumbusha watu 1997, na El Niño haikuwepo. Wataalamu wa Marekani walikuwa wametangaza El Niño hafifu mwezi Februari, wakatangaza Agosti kwamba imekwisha. Pasifiki ilikuwa imetulia. Kilichotikisika kilikuwa karibu na sisi zaidi.

Mwaka wenyewe ulianza kwa ukame. Katikati ya Machi kimbunga Idai kiliipiga Beira, na kwa muda wote kilipokuwa kikizunguka katika mlango wa bahari wa Msumbiji kiliuvuta unyevu kuelekea kusini, mbali na Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Masika ikachelewa. Mwishoni mwa Aprili kikaja Kenneth, kikaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Kaskazini mwa Kenya na sehemu kubwa ya Somalia mvua za maana hazikuonekana mpaka msimu ulipokaribia kufunga. Kufikia Septemba mazungumzo ya huko yalikuwa ya mifugo kudhoofika na visima kukauka.

Oktoba mambo yakageuka. Mkoani Tanga, wilaya ya Handeni ilikumbwa na mafuriko yaliyoua watu na kubomoa madaraja. Nchini Somalia mto Shabelle ulivunja kingo na kuuzamisha mji wa Beledweyne. Mamia ya maelfu ya watu wakahama. Sudan Kusini ilikuwa imeshaanza kufurika, na maji hayakuondoka. Usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Novemba, miteremko ya Pokot Magharibi nchini Kenya iliporomoka juu ya nyumba za watu waliolala, na zaidi ya 40 wakafa. Mwanzoni mwa Desemba yakafuata maporomoko ya Cibitoke, Burundi, na wiki hiyohiyo kimbunga Pawan kikaingia pwani ya Puntland, Somalia, mahali ambapo mvua ya kawaida ya mwaka ni kidogo mno. Sehemu nyingi za ukanda huu zilipata mara mbili ya wastani wa msimu, nyingine hadi mara tatu.

Tena vuli haikukoma wakati wake. Januari 2020, mwezi ambao kaskazini mwa Tanzania na Kenya hutegemea jua na vumbi, mvua iliendelea. Lindi nako, hasa Kilwa, mafuriko ya mwisho wa mwezi huo yaliua watu na kuwaacha maelfu bila makazi, ingawa Lindi iko katika eneo la msimu mmoja wa mvua na kisa chake kina mambo yake mengine.

Kwa nini kwa kawaida hatuna mvua

Ili kuelewa mwaka huo inabidi kwanza kushangaa jambo ambalo tumelizoea. Shuleni tunafundishwa kwamba jua huvuka ikweta mara mbili kwa mwaka, ukanda wa mvua hulifuata, na hivyo tunapata masika na vuli. Ni kweli, lakini maelezo hayo hayatoshi. Chukua miji mitatu iliyo karibu na mstari uleule wa ikweta. Pontianak, kisiwani Borneo, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Kisangani, Kongo, hupata zaidi ya 1,600. Garissa, Kenya, iliyo karibu na ikweta kama miji hiyo miwili, hupata kama 350. Jua ni lile lile. Kama jua peke yake ndilo lingeamua, Garissa ingekuwa msitu.

Kuna mambo manne yanayotunyima mvua, na yote yanafanya kazi pamoja. La kwanza ni pepo zenyewe. Kusi, inayovuma kuanzia Aprili hadi Septemba, hupita sambamba na pwani yetu kwa kasi kubwa kama mtu mwenye safari yake. Unyevu wake mwingi huenda kunyesha India. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hutoka upande wa Uarabuni na Somalia, na hewa ya huko ni kavu. Mvua zetu kuu huja katikati, wakati wa maleleji, upepo mmoja ukiwa umelegea na mwingine haujashika. Kwa hiyo msimu wa mvua kwetu ni mwanya kati ya pepo mbili, na mwanya huo ni mfupi, hasa wakati wa vuli.

La pili ni milima. Nyanda za juu za Kenya na Ethiopia, na kingo za Bonde la Ufa, huzuia hewa yenye unyevu ya Kongo isivuke kirahisi kuja mashariki. Kati ya nyanda hizo mbili kuna uwazi wa Turkana, na hapo upepo wa mashariki hujikusanya ukawa mkondo wenye kasi, ukaubeba unyevu wa Bahari ya Hindi na kuupeleka bara bila kuuangusha. Anayeshangaa kwa nini Turkana ni kame na upepo wake unaendesha mitambo ya umeme, jibu la maswali yote mawili ni moja. La tatu ni bahari ya pwani ya Somalia, ambayo wakati wa kusi maji yake ya juu husukumwa mbali na maji ya baridi huibuka kutoka chini. Juu ya bahari ya baridi mawingu hayakui.

La nne ndilo la kisa chetu. Katika Bahari ya Hindi, maji yenye joto kubwa zaidi kwa kawaida yako mashariki, kando ya Sumatra na Java. Hewa ya huko hupata joto, hupanda, hufanya mawingu makubwa na kunyesha. Ikifika juu kabisa husambaa, na sehemu yake husafiri magharibi na kushuka juu yetu. Hewa inayoshuka hujibana, hupata joto na kukauka, na kuyazuia mawingu ya chini yasipande. Kwa maneno mengine, mvua ya Indonesia na ukavu wa Garissa ni pande mbili za mzunguko mmoja, na ukipenda uone bahari nzima kama mizani: kitanga kimoja kikishuka kwa mvua, kingine kinapanda kikiwa kikavu.

Mwaka 2019 mizani hiyo iligeuka.

Bahari ilivyopinduka

Hali hii ina jina: daipoli ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1999 kundi la watafiti lililoongozwa na N. H. Saji, pamoja na Toshio Yamagata, lilieleza katika jarida la Nature kwamba bahari hii ina mtikisiko wake yenyewe, ambao unaweza kutokea na El Niño au bila El Niño. Kundi jingine, la Peter Webster, likaandika karibu jambo hilohilo katika toleo hilohilo. Ni ajabu kidogo kwamba sayansi ilichelewa hivyo kuitambua tabia ya bahari ambayo mabaharia wameivuka kwa pepo zake kwa zaidi ya miaka elfu moja. Lakini vipimo vya katikati ya bahari vilikuwa haba, na macho ya wataalamu yalikuwa Pasifiki.

Kipimo chake ni rahisi. Unapima joto la uso wa bahari upande wa magharibi, katika eneo lililo mbele ya pwani yetu kuelekea Maldivi, na upande wa mashariki karibu na Sumatra. Kila upande unaangalia umepotoka kiasi gani kutoka hali yake ya kawaida kwa wakati huo wa mwaka, kisha unatoa upotofu wa mashariki kwenye ule wa magharibi. Tofauti ikizidi nyuzi 0.4 za Selsiasi kwa wiki kadhaa, Idara ya Hali ya Hewa ya Australia huanza kuzungumzia daipoli chanya. Oktoba 2019, takwimu za wiki zilivuka nyuzi 2.

Mwanzo wake ulikuwa Mei na Juni. Pepo za kusini-mashariki zinazopita kando ya Java na Sumatra zilikuwa na nguvu kuliko kawaida. Upepo huo ulisukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya baridi yakaibuka kutoka kina. Bahari ilipopoa pale, mawingu yalipungua. Mawingu yalipopungua, kani ya hewa, yaani mgandamizo wake, ilipanda. Kani ilipopanda, upepo wa kuelekea magharibi ukazidi nguvu. Na upepo ulipozidi, maji ya baridi zaidi yakaibuka. Kitu kikishaanza kujilisha hivyo hakihitaji tena aliyekianzisha.

Wakati huohuo katikati ya bahari jambo jingine liligeuka. Bahari ya Hindi haifanani na Pasifiki: kwenye ikweta yake upepo wa wakati wa maleleji huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na husukuma mkondo wa maji ya joto kuelekea Sumatra. Mwaka huo upepo wa ikweta ukawa wa matlai, yaani wa kutoka mashariki. Maji ya joto yakarudi huku kwetu, yakarundikana, na tabaka la joto likawa nene hadi kina kirefu. Bahari yenye joto mbele ya pwani yetu ilivukiza maji mengi, upepo wa matlai ukauleta mvuke huo bara, na ile hewa iliyokuwa ikishuka juu yetu na kuyabana mawingu ikaacha kushuka. Mlango uliokuwa umefungwa na uliokuwa na mzigo nyuma yake ukafunguka kwa pamoja.

Nani aliuanzisha upepo ule wa Mei? Hapa watafiti hawajaafikiana. Wapo wanaosema chanzo ni tofauti kubwa ya kani ya hewa kati ya Australia, ambako ilikuwa juu, na bahari za Kusini mwa China na Ufilipino, ambako ilikuwa chini. Tofauti hiyo iliuvuta upepo uvuke ikweta kando ya Sumatra. Wengine wanaona joto lililobaki katikati ya Pasifiki, ingawa halikutosha kuitwa El Niño, lilisaidia kuisukuma Indonesia kwenye ukavu. Kwa maoni yangu maelezo haya mawili hayapingani sana, na lile la kwanza lina ushahidi wa moja kwa moja zaidi kwa sababu upepo wenyewe ulipimwa. Lakini hata ukimpa Pasifiki sehemu yake, ni sehemu ya kiberiti. Kuni zilikuwa hapa.

Upande wa pili ulilipa

Kwa wakati uleule Handeni na Beledweyne zilipokuwa majini, upande wa mashariki wa bahari ulikuwa ukiungua. Septemba 2019 moto wa misitu na ardhi ya mboji huko Sumatra na Kalimantan ulitanda moshi mzito kiasi kwamba mchana mmoja anga la mkoa wa Jambi likawa jekundu kabisa, na picha zake zikazunguka dunia nzima. Australia ilimaliza mwaka ikiwa na wastani wa milimita 277 tu za mvua kwa nchi nzima, mwaka wake mkavu zaidi na wenye joto zaidi tangu kumbukumbu zilipoanza. Moto wa msimu ule unajulikana. Daipoli haikuwa sababu pekee: Septemba hewa ya juu sana juu ya Antaktiki ilipata joto la ghafla, na pepo za magharibi zikasogea na kuipulizia mashariki mwa Australia hewa kavu ya jangwani. Hata hivyo udongo na misitu vilikuwa vimeshakauka, na hapo daipoli ina hesabu yake.

Bahari ya Uarabuni nayo, ikikaa juu ya maji ya joto, ilizaa vimbunga kwa wingi usio wa kawaida. Hikaa iliingia Oman karibu na Duqm mwezi Septemba. Kyarr, mwezi Oktoba, ilikuwa kubwa kuliko kimbunga chochote cha bahari hiyo tangu Gonu ya 2007, ila kwa bahati ilijifia majini. Pawan tumekwisha kuitaja.

Kisha nzige. Watu wengi huwaunganisha moja kwa moja na mvua za vuli ya 2019, lakini mlolongo ulianza kabla. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu mwezi Mei na Luban mwezi Oktoba, vilimwaga maji katika jangwa la Rub' al Khali, mahali pasipo watu wa kuona wala wa kupiga dawa, na nzige wa jangwani wakazaliana vizazi kwa vizazi. Wakavuka Yemen, wakaingia Pembe ya Afrika, na hapo ndipo wakakuta vuli iliyoijaza nyika majani mabichi na udongo laini wa kutagia mayai. Mwishoni mwa Desemba 2019 makundi yaliingia kaskazini mashariki mwa Kenya, na uvamizi uliofuata ukatajwa kuwa mbaya zaidi nchini humo kwa miaka 70. Vuli haikuwaleta nzige, iliwaandalia meza.

Orodha ya miaka

Kisa kimoja hakitoshi kumwachia huru mshitakiwa wetu wa zamani. Tuangalie rekodi.

Mwaka 1961 mvua za vuli zilikuwa kubwa mno hata Ziwa Victoria likaanza kupanda na kuendelea kupanda hadi 1964. El Niño haikuwepo. Takwimu za bahari zilipochambuliwa upya miongo baadaye, daipoli chanya ilionekana wazi. Mwaka 1994 tena, daipoli ya nguvu na vuli ya mvua. Mwaka 1997 zote mbili zilikuja pamoja, kila moja kubwa, na matokeo yake tunayakumbuka. Mwaka 2006 zilikuja pamoja pia. Mwaka 2015 ndio unaonivutia zaidi. El Niño ya mwaka huo ilikuwa miongoni mwa zile kubwa kabisa kuwahi kupimwa, sawa na ya 1997. Serikali zilitenga fedha, magazeti yakaonya, watu wakaziba mapaa. Vuli ikaja na mvua nzuri sehemu nyingi, na mafuriko hapa na pale, lakini 1997 haikurudi. Daipoli ya mwaka huo ilikuwa ya wastani tu. Miaka minne baadaye El Niño haipo, daipoli imevuka kiwango, na nchi inazama. Mwaka 2023 zikaungana tena, na mafuriko ya Oktoba hadi Desemba yakaua mamia ya watu nchini Kenya, Somalia na Ethiopia, katika maeneo yaleyale yaliyokuwa yametoka kukosa misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022.

Kwa hiyo mtu akisema El Niño huleta mvua kwetu, hajakosea kabisa. El Niño inapotokea huisukuma hewa ya Indonesia ishuke, na hiyo ni njia mojawapo ya kuigeuza mizani ya Bahari ya Hindi. Matumbawe ya Malindi, yaliyohifadhi kumbukumbu ya joto la bahari kwa karibu miaka 200, yanaonyesha kwamba Pasifiki imekuwa ikigusa pwani yetu muda wote huo. Ila mkono wake hupitia kwa jirani. Bahari ya Hindi isipoitikia, El Niño kubwa hupita na vuli ya kawaida. Ikiamua kugeuka yenyewe, haiombi ruhusa. Kikulacho ki nguoni mwako, na katika suala la vuli nguo yetu ni Bahari ya Hindi.

Ziwa lisilosahau

Mito hufurika na kushuka. Ziwa Victoria lina tabia nyingine, na hapa kisa cha 2019 kiliendelea wakati ambapo bahari ilikuwa imeshatulia.

Ziwa hili lina eneo la karibu kilomita za mraba 69,000 lakini kina chake ni kifupi, na takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito kama Kagera, Nzoia na Mara huleta sehemu ndogo. Maji mengi huondoka kwa uvukizi, na yanayobaki hutoka kupitia mlango mmoja tu, Jinja, kwenda Nile. Katika mwaka wa kawaida mvua na uvukizi hukaribiana. Msimu mmoja ukivuruga hesabu, ziada haina pa kwenda haraka, hata ukifungua mabwawa ya Uganda yote.

Kati ya Novemba 2019 na Mei 2020 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita moja. Katikati ya Mei likavuka rekodi ya Mei 1964, ile iliyowekwa na mvua za 1961 na miaka iliyofuata. Fukwe za Kisumu, Homa Bay, Entebbe na Mwanza zililiwa. Hoteli, mialo ya samaki na nyumba vikaingia majini. Tarehe 14 Aprili kisiwa kinachoelea, cha mafunjo na udongo kilichong'olewa kingoni, kilisukumwa hadi kwenye bwawa la Nalubaale na kuizima Uganda nzima umeme. Maziwa ya Bonde la Ufa nayo, Baringo na Naivasha miongoni mwao, yakapanda na kumeza shule, barabara na mashamba.

Hapa inabidi kuwa waangalifu, maana ni rahisi kuipa daipoli sifa ya kila tone. Daipoli hufa Desemba. Kaskazi ikishika, ule upepo wa Sumatra unaoilisha hukatika, na mwaka huo pia maji ya mashariki yalipata joto tena upesi. Upande wetu hata hivyo joto lilikuwa limezama hadi kina, halikuweza kuondoka kwa siku chache, na bahari ya magharibi ikabaki na joto Januari na Februari. Hilo linaeleza mvua za miezi ambayo kwa kawaida huwa mikavu. Masika ya 2020, iliyokuwa kubwa pia, inahitaji maelezo yake yenyewe. Ziwa lilijumlisha misimu yote mitatu bila kuuliza nani kaleta nini. Watafiti waliolipima ongezeko hilo walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yanayosababishwa na binadamu yalichangia kama sentimita 7, na yaliufanya mpando wa namna hiyo uwezekane mara 1.8 zaidi. Sentimita 7 katika zaidi ya mita nzima ni chache, na napenda takwimu hiyo kwa sababu ni ya kiasi. Inawakera wanaosema tabianchi haina mkono, na inawakera pia wanaoitupia kila kitu.

Kuhusu daipoli yenyewe dalili ni nzito zaidi. Matumbawe ya Sumatra yanayorudi nyuma hadi karne ya 13 yanaonyesha daipoli kali kabisa kumi tu, na nne kati ya hizo zimetokea tangu 1960. Hata hivyo iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa ya 1675, kubwa kwa mbali kuliko ya 1997, kabla ya moshi wa viwanda vyovyote. Bahari hii ina uwezo wa kutisha hata bila msaada wetu. Utafiti wa Wenju Cai na wenzake wa 2014 ulikadiria kwamba gesi joto zikiendelea kupanda, daipoli kali zitatoka mara moja kwa kila miaka 17 hivi na kuwa mara moja kwa kila miaka 6.

Kinachotabirika na kisichotabirika

Vuli ya 2019 haikuja kwa kuvizia. Daipoli ilikuwa inaonekana kwenye satelaiti na maboya tangu Juni, na mwishoni mwa Agosti taarifa ya pamoja ya wataalamu wa hali ya hewa wa Pembe ya Afrika, chini ya ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za ukanda huo, ilielekeza kwenye mvua za juu ya wastani katika sehemu kubwa ya ukanda. Upande huo sayansi ilifanya kazi yake. Tatizo ni namna tunavyosoma. "Juu ya wastani" ni theluthi ya juu ya misimu iliyopita, ile yenye mvua nyingi zaidi. Ndani yake mna mwaka uliozidi wastani kidogo na mna 1961. Utabiri wa msimu hausemi mwaka utaangukia wapi ndani ya theluthi hiyo, wala hausemi ni mteremko upi utateleza usiku upi. Tarehe hutegemea mambo ya wiki, hasa lile wimbi la mawingu lililogunduliwa na Madden na Julian mwaka 1971, linalozunguka dunia kwenye ikweta kwa siku 30 hadi 60 na kuongeza au kupunguza mvua linapopita juu ya bahari yetu. Kwa hilo, onyo la maana ni la siku kumi au wiki mbili, na ndilo ambalo hufika vijijini likiwa limechoka.

Na kuna masika. Msomaji anayeishi Arusha au Machakos atauliza kama kipimo hikihiki kinaweza kumsaidia Machi. Hakiwezi. Wakati huo wa mwaka daipoli haipo, na uhusiano wa masika na Pasifiki ni dhaifu na hubadilika. Kinachoamua zaidi ni wimbi la Madden na Julian, upepo wa magharibi kutoka Kongo, na mahali vimbunga vinapokaa: vikiwa mashariki ya Madagaska mara nyingi huuvuta unyevu wa Kongo uvuke kuja kwetu, kama ilivyokuwa Machi 2018, vikiingia mlango wa Msumbiji hutunyang'anya, kama Idai alivyofanya mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo mkulima wa vuli anaweza kuanza kuitazama Sumatra mwezi Julai na akapata fununu ya maana kabla hajanunua mbegu. Mkulima wa masika, ambaye kwa sehemu kubwa ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania ndiye anayetegemea msimu mkubwa zaidi, bado anapewa utabiri wa miezi mitatu wenye uhakika mdogo, na wa wiki mbili tatu ndio anaoweza kuutegemea.